Mtego wa Anayesubiri: Utapeli wa Mtandaoni na Vijana wa Dodoma

"Na usomi wako wote huo?" Hiyo ndiyo kauli ambayo kijana aliyetapeliwa huipokea nyumbani kabla hajamaliza kusimulia yaliyomkuta, na mara nyingi hutamkwa na mtu anayempenda. Kauli hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba utapeli wa mtandaoni ni mtihani wa akili au wa ujuzi wa simu, na kwamba anayeufeli ni mjinga. Lakini kijana wa miaka ishirini anayesoma Dodoma leo anaijua simu kuliko wazazi wake wote wawili. Ndiye anayewaunganishia vifurushi, ndiye anayewafungulia WhatsApp, na mjomba akikwama kwenye muamala humpigia yeye. Kama kuijua simu kungekuwa kinga, vijana wangekuwa wa mwisho kutapeliwa.

Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba tapeli hamtafuti asiyejua, bali humtafuta anayesubiri. Huingia katika nafasi iliyopo kati ya siku mtu alipoomba jambo lake la halali na siku atakapojibiwa, na katika nafasi hiyo yeye ndiye huwa wa kwanza kuleta jibu. Jibu lake huaminika kwa sababu jambo lenyewe lipo: mkopo umeombwa kweli, nafasi ya kazi ilitangazwa kweli, chumba kinatafutwa kweli. Cha uongo ni mleta jibu peke yake, na huyo haonekani.

Ukiutazama utapeli kwa jicho hilo, utaelewa kwa nini Dodoma ni shamba lililokwisha kulimwa. Uamuzi wa kuifanya kuwa makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini mji ulianza kujaa kwa kasi baada ya mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia kwa vitendo, na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya jiji. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, Chuo cha Mipango, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana na tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara vinawaleta vijana kutoka kila mkoa, na wizara zilizopo Mtumba zinawaleta wengine wenye vyeti kwenye bahasha. Humo mna anayesubiri fedha za mkopo, anayesubiri jina lake litoke kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, anayesubiri matokeo ya kidato cha nne na anayetafuta chumba kabla chuo hakijafunguliwa. Wote wanasubiri kitu ambacho hawajui kitafika siku gani wala kwa njia gani hasa, na wote wana simu mkononi.

Tuanze na fedha za mkopo, yaani bumu, kama wanafunzi wanavyoziita. Tangu mwaka wa masomo wa 2022/23, fedha za chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa hiyo awamu moja ya siku sitini ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye mzazi wake anauza alizeti Kondoa au zabibu Hombolo, hizo si fedha ndogo, na kuchelewa kwake hubadilisha hata idadi ya milo kwa siku. Tapeli analijua hilo. Katika wiki ambayo kila kikundi cha WhatsApp cha darasa kinauliza kama bumu limetoka, hutuma ujumbe unaosema kwamba malipo ya baadhi ya wanafunzi yamekwama kwa sababu taarifa zao za benki hazikuoanishwa, na kwamba mhusika abonyeze kiungo au apige namba fulani ili athibitishe. Ujumbe huo una ukweli ndani yake: ni kweli kwamba taarifa za benki zikikosewa malipo hukwama. Mwanafunzi aliyewahi kuona rafiki yake akisumbuka mwezi mzima kwa sababu hiyo hiyo hana sababu ya kuutilia shaka. Kinachoweza kumwokoa ni kujua mapema, kabla ya msimu wa wasiwasi, kwamba taarifa za mkopo wake zipo kwenye akaunti aliyoifungua mwenyewe katika mfumo wa Bodi, kwamba chuo kina ofisi inayoshughulikia mikopo ambayo anaweza kuingia kwa miguu, na kwamba hakuna kati ya hizo mbili inayohitaji namba yake ya siri ya benki au ya simu ili kumlipa. Anayetaka kulipa anahitaji kujua fedha zinakwenda wapi. Namba ya siri hutumika kutoa, na anayeiomba anataka kutoa.

Katika ajira mchezo ni ule ule, ila hapa subira ni ndefu zaidi na maumivu yake ni makali zaidi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa njia ya mfumo wake wa mtandaoni, ambao hauna malipo, na majina ya wanaoitwa kwenye usaili na wanaoitwa kazini huwekwa hadharani. Wengi wamesafiri hadi Dodoma kwa ajili ya usaili, wakalala kwa ndugu Chang'ombe au Nkuhungu, wakarudi kwao, wakaanza kungoja. Hapo ndipo simu hupigwa na mtu mwenye sauti ya kiofisi anayejua jina la kada iliyotangazwa, anayesema kwamba jina la kijana limo lakini faili linahitaji kusukumwa. Hudai shilingi 15,000 za fomu. Zikishalipwa, panakuwa na shilingi 40,000 za vipimo vya afya, kisha fedha za barua, kisha za "mkubwa" anayetakiwa kuweka sahihi. Kiasi cha kwanza huwa kidogo kwa makusudi, kwani aliyekwisha kulipa elfu kumi na tano huona kwamba kuacha sasa ni kuzitupa zile za mwanzo, na kila anapoongeza huwa na zaidi za kupoteza iwapo ataacha.

Lipo pia jambo chungu ambalo hatupendi kulitamka. Hadithi ya faili linalosukumwa huaminika kwa sababu kijana amekulia akisikia kwamba kazi hupatikana kwa kujuana. Tapeli anapojitambulisha kama mtu wa ndani, haanzishi imani mpya kichwani mwa kijana, anaitumia iliyokuwapo. Ndiyo maana onyo la "msidanganyike, ajira ni za haki" halipenyi masikioni mwa vijana. Linalopenya ni maelezo ya jinsi mfumo unavyokwenda hatua kwa hatua, ili kijana aone mwenyewe kwamba mahali anapotajiwa "kusukuma" hapapo.

Kuhusu viungo, au linki kama wengi wanavyoviita, kuna ujuzi mdogo unaofaa kufundishwa hata shule za msingi: anwani ya mtandao husomwa kutoka mwisho. Katika sehemu iliyo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, herufi za mwisho ndizo zinazosema nyumba ni ya nani. Taasisi za Serikali ya Tanzania huishia na go.tz, na vyuo vingi huishia na ac.tz. Mtu yeyote anaweza kununua anwani akaijaza maneno ajira, utumishi, go na tz upande wa mbele, halafu ikaishia na com au kitu kingine. Maneno ya mbele ni rangi ya ukutani tu. Kwa kazi za nje ya nchi, ambazo matangazo yake hutaja Qatar, Dubai na Kanada, anwani haitoshi, bali iulizwe leseni, kwa sababu wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa nayo, na ofisi ya kazi ya mkoa ndipo mahali pa kuuliza.

Chumba ni mkasa wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akiwa bado Moshi au Sumbawanga, huona kwenye Facebook picha za chumba chenye vigae karibu na Ng'ong'ona, bei nzuri, na dalali anayejibu upesi kuliko madalali wote. Dalali humwambia kwamba kuna mwingine anayekuja kukichukua jioni, hivyo atume walau kodi ya mwezi mmoja ili kishikiliwe. Akifika stendi ya Nanenane na mabegi, namba haipatikani. Njia ya kujikinga hapa haina ufundi wowote: hakuna fedha ya chumba kabla ya mtu kukanyaga sakafu yake, na kama mwenyewe hawezi kufika, kuna wanafunzi wa mkoa wake walio mwaka wa pili na wa tatu wanaoweza kwenda kukitazama kwa nauli ya bodaboda.

Udanganyifu unaojulikana kuliko wote nchini ni ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Watu huucheka, lakini unastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Ujumbe huo hutumwa kwa maelfu ya namba bila kujua ni za nani, na tapeli hahitaji kujua, kwa sababu wakati wowote kuna watu ambao dakika hiyo hiyo wanadaiwa hela na mtu fulani. Mimi mwenyewe niliupokea siku ya kulipa kodi, wakati mwenye nyumba alikuwa amenipigia asubuhi kunikumbusha, na nilikuwa nimeshaandika kiasi chote kwenye simu. Kilichonisimamisha ni kwamba ujumbe ulikuwa na herufi ndogo na nukta mahali pake, wakati mzee wetu huandika kila kitu kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba. Ilikuwa bahati, sikuwa na akili zaidi ya wale waliotuma hela zao.

Sehemu ya hatari zaidi katika ujumbe huo ni maneno ya mwisho, "jina litakuja" la fulani. Mitandao ya simu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajathibitisha muamala, na kipengele hicho kiliwekwa ili kumlinda mtumaji. Tapeli amekigeuza kwa maneno mawili tu: anakutajia jina geni mapema, hivyo linapotokea unaliona kuwa uthibitisho badala ya onyo. Kwa hiyo kumwambia kijana "angalia jina kwanza" ni kumpa nusu ya maelezo. Maelezo kamili ni kwamba jina likiwa si la mtu anayekudai, mpigie mtu huyo kwa namba ya zamani uliyoihifadhi, umsikie sauti, na usipige ile iliyotuma ujumbe.

Ndugu wa udanganyifu huo ni ujumbe bandia wa fedha kuingia. Ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu husema umepokea shilingi 85,000, kisha mtu hupiga akilia kwamba amekosea namba na hela hiyo ni ya matibabu. Mwenye huruma hurudisha fedha zake mwenyewe. Salio, si ujumbe, ndilo linaloonyesha kama fedha imeingia, na hata kama imeingia kweli, mtu aliyekosea muamala ana njia yake ya kuurejesha kupitia huduma kwa wateja, namba 100, bila wewe kugusa kitu.

Vijana hutoa taarifa zao kwa urahisi mno, na hapa kuna uhusiano ambao haujaelezwa vya kutosha. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya siri ya akaunti za fedha za simu huwa na tarakimu nne, na watu wengi huchagua mwaka waliozaliwa kwa sababu hausahauliki. Kwa hiyo kijana anayempelekea "wakala wa ajira" picha ya kitambulisho chake anaweza kuwa amempa namba ya siri bila kujua, na simu ikiibwa siku hiyo, mwizi hahitaji kubahatisha. Alama za vidole nazo zina hadithi yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kumekuwa na wasajili wa mitaani wasio waaminifu wanaomwambia mteja kwamba dole halijasoma, aweke tena. Mara ya kwanza husajili laini ya mteja, na ya pili laini ambayo mteja hataiona kamwe. Kupiga *106# huonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ifikishwe kwenye duka la kampuni husika ili ifutwe. Zile tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe wakati mtu anafungua WhatsApp kwenye simu mpya nazo ni ufunguo. Anayekuomba umtumie kwa madai kwamba zimekuja kwako kwa bahati mbaya anahamishia WhatsApp yako kwake, na ndani ya dakika chache ataanza kuwakopa shangazi na wajomba zako kwa jina lako. Uthibitisho wa hatua mbili uliomo kwenye mipangilio ya programu hiyo humzuia, kwa sababu huongeza namba ambayo umeichagua wewe mwenyewe na isiyotumwa kwa ujumbe.

Katika yote, mpango wa "kuzalisha hela" ndio unaohitaji hesabu. Mwaka 2009 nchi ilishuhudia kuanguka kwa DECI, iliyokuwa ikiitwa upatu wa kupanda na kuvuna, na mapema mwaka 2025 yakatokea ya LBL, iliyowaahidi watu malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu, ambapo polisi waliwakamata watu waliohusishwa nayo. Kati ya hizo mbili kizazi kimepita, na mavazi yamebadilika kutoka ukumbi hadi programu ya simu, lakini hesabu haikubadilika hata tarakimu moja. Tuseme kijana anaweka shilingi 50,000 na kuahidiwa 2,000 kila siku. Siku ya tano anatoa 10,000, anamwonyesha mwenzake chumbani, na mwenzake anaingia. Lakini hadi siku ya 25 kijana huyo anarudishiwa fedha zake mwenyewe kidogo kidogo. Hakuna biashara yoyote iliyofanyika. Kuanzia siku ya 26 ndipo anapoanza kulipwa fedha za mwenzake. Malipo yale ya mwanzo, ambayo kila mtu huyaona kuwa ushahidi kwamba mpango ni wa kweli, ndiyo chambo, na yule aliyelipwa huwa mtangazaji mzuri kuliko tapeli kwa sababu anasema kweli kuhusu alichokipata.

Tukiongeza masharti ya kuleta wengine, mwisho wake unaweza kuhesabiwa kwa kalamu. Mtu akileta watano, na kila mmoja akaleta watano, ngazi ya tisa inahitaji watu 1,953,125 na ya kumi inahitaji 9,765,625. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa mzima wa Dodoma, wachanga na vikongwe wakiwemo. Mpango hauwezi kufika ngazi ya kumi bila kuzimaliza Dodoma tatu. Kwa sababu hiyo walio chini, ambao ni wengi kuliko wote waliotangulia wakijumlishwa, lazima wapoteze, hata kama mwanzilishi angekuwa mcha Mungu. Sheria ya Kanuni za Adhabu inaikataza mipango ya namna hii bila kujali jina iliyojipa.

Hesabu nyingine inayofaa kujulikana ni ya wauza mikeka ya uhakika, yaani utabiri wa mechi kwa wanaobashiri. Mtu ana kundi la Telegram lenye vijana 800. Huwaambia 400 faraghani kwamba mwenyeji atashinda, na 400 kwamba hatashinda. Baada ya mechi, nusu wameona utabiri wake ukitimia. Huwagawa tena hao, wanabaki 200, kisha 100, kisha 50. Hamsini hao wameshuhudia kwa macho yao mechi nne mfululizo zikitabiriwa bila kosa, na wako tayari kuapa kwamba jamaa ana taarifa za ndani. Akiwauzia mkeka wa tano kwa shilingi 30,000 kila mmoja, anaondoka na 1,500,000 bila kujua chochote kuhusu mpira. Wale 750 wengine hawazungumzi na hawa hamsini, na hapo ndipo siri ilipo.

Programu za mikopo ya haraka ni jambo lililo jirani na utapeli, na wakati mwingine ni utapeli wenyewe. Huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji akichelewa siku moja, ujumbe wa kumdhalilisha hufika kwa mchungaji, kwa mwalimu na kwa wakwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ndiyo ya kuulizwa. Zaidi ya hapo ushauri ni mfupi: programu ya mkopo inayodai kwanza isome majina yote ya simu yako inajua tayari itakulipisha kwa kutumia nini.

Hata hivyo kuna utapeli ambao hautegemei subira peke yake; unategemea kumfanya mwathirika awe mshirika wa kosa, ili asiweze kufungua mdomo. Kila inapokaribia mitihani ya Taifa, hujitokeza watu mtandaoni wanaouza pepa wanazodai zimevuja. Mwanafunzi wa Mpwapwa au Kongwa anayenunua pepa bandia kwa fedha za matumizi alizotumiwa na mama yake hawezi kwenda kwa mwalimu kulalamika kwamba ameuziwa wizi usio halisi. Hali ni mbaya zaidi kwa kijana aliyeshawishiwa na rafiki wa mtandaoni kutuma picha za faragha, kisha akaambiwa alipe au zitasambazwa. Akilipa mara ya kwanza amemthibitishia anayemtisha kwamba analipika, na madai hayakomi. Linalomfaa ni kutolipa, kuhifadhi mazungumzo yote badala ya kuyafuta kwa aibu, na kumwambia mtu mzima mmoja atakayekwenda naye polisi. Nimeandika mtu mzima mmoja kwa makusudi, kwani kijana huyo hahitaji kikao cha ukoo.

Vijana pia huvutwa kuingia upande wa pili, na hili wazazi hulipita haraka. Mtu humwambia mwanafunzi amkodishie laini yake kwa wiki mbili, au apokee fedha kwenye simu yake, azitoe kwa wakala, abaki na asilimia kumi. Inaonekana kama kibarua. Fedha hizo ni za aliyetapeliwa mkoa mwingine, na upelelezi ukianza, jina la kwanza kutokea ni la aliyesajiliwa. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa na majaribio mengi ya ulaghai wa simu, lakini laini zinazotumika zinaweza kuwa na jina la mtu yeyote, wa popote. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimuulizi mtu kama alikuwa na shida ya hela ya chakula.

Mambo yakishatokea, kinachoamua kama chochote kitaokolewa ni muda. Fedha ya simu hukaa kwenye akaunti ya tapeli kwa dakika, si kwa siku, kabla haijatolewa kwa wakala au kuhamishwa. Simu ya kwanza iwe kwa mtandao wako, namba 100, ukiwa na namba ya muamala, ili fedha izuiwe kama bado ipo. Baada ya hapo ni kituo chochote cha polisi kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ukiwa na ujumbe wote, namba, kiasi na saa. Ujumbe uliofutwa hauwezi kupelelezwa kwa urahisi. Ujumbe wa kitapeli, hata kama hukutapeliwa, hutumwa kwenda namba 15040, na mfumo ukiuliza namba iliyoutuma, unaijibu, ili ifungiwe kabla haijamfikia mwingine. Ajitokezaye mtandaoni baadaye akidai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada ndogo ni tapeli wa pili, na pengine ni yule wa kwanza, kwa kuwa sasa unasubiri tena.

Hapa tunarudi kwenye ile kauli ya "na usomi wako wote huo." Kijana anayejua kwamba kauli hiyo inamngoja nyumbani hukaa na siri yake siku mbili au tatu, akijaribu kukopa ili kuziba pengo kabla hajagundulika, na siku hizo ndizo zinazompa tapeli nafasi ya kutoa hela, kuvunja laini na kuanza upya. Mzazi wa Chamwino au Bahi anayepigiwa simu ya namna hiyo usiku hana haja ya kujua lolote kuhusu Telegram au viungo ili aokoe kinachookoleka. Swali la kwanza analopaswa kumuuliza mwanawe ni hili: "Umetuma saa ngapi?" La pili ni namba ya muamala. Mengine yote yanaweza kungoja hadi asubuhi.